Wanaume Hawajaisha

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mafunzo ya vijana Mwanza mwezi uliopita, Agosti 2024. Wenzangu waliokosa nafasi wameniomba niyaweke hapa. Nimesafisha sehemu nilizokuwa nababaika, zingine nimeziacha zilivyo.)



Najua ni saa nane, mmeshiba wali, na mimi ndiye niliyepewa saa ya usingizi. Nitajitahidi msisinzie.

Ratiba inasema mada yangu ni "Wanawake ni wengi: tugeuzeje wingi kuwa kura". Aliyeiandika namwona pale nyuma anacheka. Kaka, mada ni nzuri na nitaigusa kabla sijakaa. Ila kabla hatujautumia huo wingi, naomba tuuchunguze kwanza ni wingi gani, maana mimi umenigharimu dada.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka kumi na moja, kwetu kijijini, mkoa wa Shinyanga. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa amemaliza darasa la saba, akachaguliwa kwenda sekondari, na hakwenda. Ada, sare, michango, mnajua ilivyokuwa kabla ada haijaondolewa. Akakaa nyumbani. Siku moja wakaja wageni. Mimi nilikuwa napeleka maji ya kunawa, kwa hiyo nilisikia. Mtu aliyekuja kuposa alikuwa na miaka arobaini na moja na mke nyumbani. Mama akasema kwa sauti ya chini, jamani huyu bado mtoto. Baba mkubwa akamjibu, nakumbuka neno kwa neno: "Shemeji, wanaume wako wapi siku hizi? Wanawake mmejaa. Akipatikana wa kumchukua, mshukuru."

Mama akanyamaza. Hakuwa na la kujibu, kwa sababu kila mtu anajua wanawake ni wengi. Redioni wanasema, kanisani wanasema, saluni wanasema, kwenye bodaboda wanasema. Wengine wanakupa na hesabu kabisa: mwanaume mmoja kwa wanawake saba. Nimeshaisikia mpaka chuoni, kutoka kwa mtu anayesomea takwimu.

Sasa tuangalie hesabu yenyewe.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Gawanya unavyotaka, unapata wanaume 95 kwa kila wanawake 100. Siyo mmoja kwa saba, siyo hata mmoja kwa mmoja na nusu. Ukiwapanga wanawake 100 na wanaume 95 uwanjani kila mmoja na wake, wanabaki wanawake watano. Na hao watano tutawarudia sasa hivi.

Wanapozaliwa watoto, wavulana ndio wengi. Duniani kwa kawaida huzaliwa wavulana kama 105 kwa wasichana 100. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara huwa pungufu kidogo, kama 103. Hili lilishaonekana zamani. Mwaka 1710 daktari mmoja, John Arbuthnot, alichukua vitabu vya ubatizo vya London vya miaka 82 akakuta kila mwaka, bila kukosa hata mmoja, wavulana walizidi. Akasema ni mpango wa Mungu, kwamba wanaume wanakufa zaidi kwenye kazi za hatari kwa hiyo wanaongezwa mwanzoni ili mwishoni watoshane. Akaenda mbali akasema hiyo ndiyo hoja dhidi ya mitala. Huko sitamfuata. Lakini kuhusu vifo alikuwa sahihi.

(Na kwa wale waliopo hapa ambao shangazi yao alifukuzwa kwa kuzaa mabinti watupu: anayebeba kinachoamua jinsi ya mtoto ni baba. Yai la mama ni la aina moja tu, mbegu za baba ndizo za aina mbili. Kama kuna wa kufukuzwa, wamwangalie vizuri.)

Basi wavulana wanaanza wakiwa wengi, halafu wanapungua. Vichanga wa kiume ni dhaifu zaidi, hufa zaidi kuliko wa kike. Kisha tunakuja kwenye mambo ya kujitakia na ya kutafutiwa: pikipiki, mashimo ya dhahabu yanayobomoka, ziwa lenye dhoruba, pombe, ugomvi, kutokwenda hospitali mpaka mtu abebwe. Wanaume wa hapa Kanda ya Ziwa mnajijua. Kadiri umri unavyopanda ndivyo pengo linavyofunguka, na kwa wazee ndiko linakoonekana wazi. Ukienda msibani angalia mstari wa bibi na mstari wa babu.

Wale watano waliobaki uwanjani, basi, si wote mabinti wanaosubiri kuposwa. Wamo bibi zetu. Wamo wajane. Baba mkubwa alichukua wingi uliochanganyika na vikongwe akautumia kumwozesha mtoto wa miaka kumi na sita.

Sasa najua kuna mtu anajiuliza, mbona basi mtaani kweli mabinti wanalalamika hawaoni wanaume? Swali zuri, na mimi liliniumiza kichwa muda mrefu. Jibu nililipata kwa kukaa na kalamu, na ningependa na ninyi mchukue kalamu.

Nchi yetu inakua haraka. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Maana yake, kila mwaka wanazaliwa watoto wengi kuliko waliozaliwa mwaka uliotangulia. Rika la waliozaliwa 2004 ni kubwa kuliko la 1999, na la 1999 ni kubwa kuliko la 1991. Ni piramidi, chini pana, juu pembamba.

Kama kila kijana angeoa binti wa rika lake, wangekaribia kutoshana. Lakini sisi hatufanyi hivyo. Mwanaume wa kwetu huangalia chini yake kwa umri. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulionyesha nusu ya wanawake wanaingia kwenye ndoa wakiwa na miaka 19 hivi, na wanaume kwenye 24. Pengo la miaka mitano. Chukua ile 3.2, izidishe juu yake yenyewe mara tano: kwa wanaume 100 wa rika moja kuna mabinti 117 wa rika la miaka mitano chini. Wale 17 wametoka wapi? Hawajatoka popote. Tumewatengeneza wenyewe kwa kumlinganisha kaka na mdogo wake badala ya mwenzake.

Pengo likiwa miaka minane, mabinti ni 129. Najua, ukuaji wa watu wote haulingani sawasawa na ukuaji wa kila rika, na mtaalamu wa takwimu atanisahihisha tarakimu ya mwisho. Sawa. Hiyo ni hesabu ya mkono, lakini mwelekeo wake haubadiliki.

Sasa weka ya dada yangu. Kumi na sita na arobaini na moja. Miaka ishirini na mitano. Nilipoipiga mara ya kwanza nilidhani nimekosea kitufe: kwa kila mwanaume mmoja wa umri wa yule bwana kuna mabinti zaidi ya wawili wa umri wa dada yangu. Wawili! Yaani baba mkubwa hakudanganya alichokiona. Ukisimama kwenye umri wa miaka arobaini ukatazama chini kwa mabinti wa kumi na sita, kweli wanawake wamejaa. Unaweza kuoa wawili na bado wakabaki. Na yule kijana wa miaka kumi na minane, ambaye ndiye wa rika lake, anabaki anauza maji stendi akisema hana mahari, atasubiri mpaka naye awe na umri wa kutazama chini.

Ndiyo maana nasema wanaume hawajaisha. Uhaba huu ni wa kutengenezwa, na kama umetengenezwa kuna chombo kilichotumika. Chombo kimoja kiko kwenye vitabu nilivyopewa kusoma mwaka wa pili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13. Mwanaume, miaka kumi na minane. Mwanamke, kumi na tano. Kifungu cha 17 kinadai idhini ya baba kwa msichana aliye chini ya kumi na minane. Angalia hapo: sheria yenyewe imeandika pengo la umri. Imesema binti ni wa kumtoa rika la chini. Halafu matokeo yake, yaani mabinti kuonekana wengi, ndiyo yanatumika sebuleni kama sababu ya kuwaoza mapema. Kifungu kinazaa uhaba, uhaba unalinda kifungu. Sijawahi kuona mzunguko mzuri wa uonevu kama huu, mzuri kwa maana ya kwamba haumhitaji hata mtu mmoja awe na roho mbaya. Baba mkubwa alitupenda. Bado anatupenda.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alikipeleka kifungu hicho Mahakama Kuu, na mahakama ikasema kinapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, ikabaki palepale: kumi na minane kwa wote. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hii. Leo ni 2024, na sheria haijarekebishwa. Mwalimu wetu wa sheria ya familia alituambia darasani, andikeni vifungu kwa penseli. Tukacheka. Baadaye nilipofika bwenini sikuona cha kuchekesha, kwa sababu kwa utafiti uleule wa 2015–16, wanawake 31 kati ya 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kumi na minane.

Mtaniambia, si kuna Sheria ya Elimu, ukioa mwanafunzi ni miaka thelathini? Ipo, tangu 2016, kwa wanafunzi wa msingi na sekondari. Dada yangu hakuwa mwanafunzi. Alikuwa amemaliza darasa la saba, anakaa nyumbani. Hao ndio wanaoanguka katikati.

Na mitala? Niliulizwa wakati wa chai, na nilijua nitaulizwa. Sijaja hapa kujadili dini ya mtu. Kuna wenzangu humu wamelelewa kwenye nyumba hizo kwa heshima, na mimi siwezi kuwasemea. Ninachosema ni kimoja: hoja ya "wanawake ni wengi kwa hiyo lazima wagawane" haina miguu. Mwenye hoja ya imani alete ya imani. Asilete sensa.

Sasa wale wajane. Shemeji yangu alifariki 2021. Mtu wa miaka arobaini na tisa, dada yangu ana ishirini na nne na watoto watatu. Hiyo nayo ni hesabu: wanaume wanakufa mapema, ukimwoza binti kwa mtu anayemzidi miaka ishirini na mitano, umemwoza na ujane wake ndani ya mfuko uleule. Baada ya matanga, ndugu wa marehemu walikaa wakagawana. Shamba la pamba, ng'ombe, hata baiskeli. Dada akarudi nyumbani kwenye kibasi na watoto na magodoro mawili.

Nilikuwa naingia mwaka wa kwanza. Nilikimbilia maktaba nikidhani nitapata kifungu cha kumsaidia. Nikapata Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, la mila zilizoandikwa, linalosema mjane hana sehemu kwenye urithi wa mume kama kuna ndugu wa ukoo wa marehemu. Yeye atatunzwa na watoto wake. Mtoto mkubwa wa dada yangu alikuwa na miaka saba. Ndiye wa kumtunza.

Tena wajane wawili wa kutoka hukohuko kwetu Shinyanga walishalipinga tangazo hilo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Ukisoma uamuzi ule, fikiria wamama wale wamesimama na kesi yao miaka mingapi. Halafu tukisikia asilimia 51 tunapiga makofi.

Wengi peke yake haisaidii kitu. Majirani zetu Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wanaume wengi walikuwa wameuawa, wamekimbia au wako magerezani. Wanawake walikuwa wengi kwa namna ambayo hakuna anayeitamani. Je, wingi ule uliwapa mashamba? Hapana. Mjane alilima shamba asiloweza kurithi, mpaka sheria ya 1999 ilipompa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Kisha Katiba ya 2003 ikaweka walau asilimia 30 ya wanawake kwenye vyombo vya maamuzi, na 2008 bunge lao likawa la kwanza duniani kuwa na wanawake zaidi ya nusu. Siasa za Rwanda zina mambo mengine ambayo mimi siyataki hapa kwetu, na ninyi mnayajua. Lakini sheria ya urithi naitaka.

Na mfano wa upande wa pili. Korea Kusini, mwaka 1990, walikuwa wanazaliwa wavulana karibu 116 kwa wasichana 100. Watu walipima mimba, wakiona binti wanaitoa. Sheria ilishakataza daktari kutaja jinsi ya mtoto tangu 1987, haikutosha. Hali ikatulia polepole: wasichana walisoma, watu walihamia mijini, na mwaka 2005 Mahakama yao ya Katiba ikasema mfumo wa kumweka mwanaume kuwa mkuu wa familia kisheria haukubaliki, ukafutwa 2008. Wakati huo uwiano ulikuwa umeshashuka hadi kwenye 106, kawaida kabisa. Sitawaambia sheria peke yake ilifanya hayo. Lakini binti alipoacha kuwa hasara, waliacha kumtoa. Sisi hatuwatoi mabinti tumboni, tunawazaa. Tunawatoa baadaye, darasani.

Haya, kura. Niliahidi.

Mwaka 2020 tulichagua wabunge kwenye majimbo 264. Katika uchaguzi wa 2020 wanawake walioshinda majimbo hawakufika hata 30. Wengine wako kwa viti maalum, ambavyo Ibara ya 66 ya Katiba inataka visipungue asilimia 30. Sivikejeli viti maalum, bila hivyo bunge lingekuwa kijiwe cha kahawa. Ila mbunge wa viti maalum hana jimbo, hana mama mjane wa Kishapu anayeweza kumwambia nisiporudishiwa shamba sikupi kura. Wingi wetu hauna mahali pa kumbana mtu.

Kwa hiyo msinipe kazi ya kwenda kuwaambia akina mama "ninyi ni wengi, mchagueni mwanamke mwenzenu". Watanicheka, na watakuwa sahihi. Nipeni kazi hii: kila mgombea wetu, wa kike na wa kiume, kuanzia wa kitongoji mpaka wa ubunge, aulizwe hadharani anasemaje kuhusu kifungu cha 13 na Tangazo la 436. Siyo "nawaheshimu akina mama". Aseme ndiyo au hapana. Na wa kwetu waulizwe kwanza, kabla hatujawauliza wa kule. Maana hata kwenye vikao vyetu nimeona: mwenyekiti akiuliza nani ataandika muhtasari, macho yote yanamgeukia msichana aliye karibu na mlango. Chai ikifika, hivyohivyo. Yule msichana ni asilimia 51 ya nchi, na ameshika birika.

Dada yangu alinipa ruhusa ya kusema haya, kwa sharti nisimtaje jina. Sasa hivi anauza samaki wakavu sokoni. Binti yake yuko darasa la nne. Desemba iliyopita tulikuwa nyumbani wote, baba mkubwa akamtazama yule mtoto akicheza rede uani akasema, kwa upendo tu, "Huyu naye anakua. Wanaume wenyewe wako wapi." Nilikuwa nimeshavuta pumzi nianze na sensa. Dada akanitangulia. Akasema, "Baba, wako darasani kwake. Ishirini na wawili. Nimewahesabu siku ya mkutano wa wazazi."

Baba mkubwa akaomba chai.

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tunakutana hapahapa kuandika maswali ya wagombea. Kila mtu aje na nakala ya kifungu cha 13, kama hana nitamtolea mimi. Na muhtasari, naomba majina mawili ya wavulana sasa hivi kabla hatujatawanyika.